Vyombo vya Kisasa Chumbani mwa Mzee: Mazungumzo kwa Kaya za Al-Safa



Jina la Al-Safa limepewa zaidi ya mtaa mmoja katika Ufalme wa Saudi Arabia, ukiwemo wa Jeddah na wa Riyadh. Kwa mwenye kuagiza chakula, mkanganyo huo ni jambo la kucheka. Kwa mwenye kumwitia gari la wagonjwa mama yake aliyeanguka bafuni, si la kucheka hata kidogo. Kwa hiyo suala la anwani litarudiwa kabla ya mazungumzo haya kwisha. Kwanza yafaa kuingia ndani ya nyumba yenyewe.

Ichukuliwe nyumba moja ya mfano, isiyo ya mtu fulani, ila inayofanana na nyingi. Iko ghorofa ya tatu katika jengo la miaka mingi. Anaishi humo bibi wa miaka 74 aliyetoka pwani ya Afrika Mashariki kumfuata mwanawe, pamoja na mkaza mwana wake na mjukuu wa kiume wa miaka 13, ambaye ndiye msomaji mkuu wa Kiarabu katika nyumba hiyo. Bibi ana kisukari na presha. Magoti yake yamechoka, na usiku huamka mara mbili au tatu kwenda msalani. Mwanawe, kwa mapenzi na kwa hofu, aliingia dukani siku ya mshahara akatoka na mfuko mzima: saa janja ya kutambua mtu akianguka, kamera ya chumbani, kipima presha, kipima sukari, na kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Baada ya miezi miwili saa janja ilikuwa imelala kwenye droo bila chaji, kamera imefunikwa kwa kanga, na kipima sukari kimezua mabishano marefu ya simu baina ya nyumba hiyo na dada mtu aliyeko Mombasa.

Hakuna aliyekosa mapenzi katika nyumba hiyo. Kilichokosekana ni swali moja ambalo lingepaswa kuulizwa kabla ya safari ya dukani: “Mama, ni wapi ndani ya nyumba hii unapoogopa?” Bibi angejibu mara moja, wala asingetaja chumba cha kulala. Angesema bafuni.

Na angekuwa na haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na walio wengi miongoni mwao ni wenye miaka zaidi ya 60. Bafu za majengo ya Jeddah na Riyadh zina vigae vinavyong’aa. Mpira wa maji wa kustanjia huacha sakafu ikiwa na maji wakati wote. Na kandambili zilizolika soli huteleza juu ya vigae hivyo kama sabuni. Liko na jambo jingine ambalo vitabu vya ushauri vilivyoandikwa Ulaya haviligusi: udhu. Mzee anayeinua mguu mpaka kwenye sinki ili auoshe husimama kwa mguu mmoja, juu ya sakafu yenye maji, mara tano kwa siku, na mara ya kwanza kabla hakujapambazuka. Dawa ya hatari hiyo ni kiti imara cha plastiki chenye miguu ya mpira, na birika. Atie udhu akiwa ameketi.

Baada ya kiti hicho vifuate vyuma vya kushikia, kimoja kando ya choo na kingine mahali pa kuogea. Vyuma hivyo vifungwe ukutani kwa skrubu na fundi. Vile vya kunata kwa mpira huonekana vizuri siku ya kwanza, kisha huchomoka siku ambayo uzito wote wa mwili umevitegemea. Mwenye nyumba aombwe ruhusa ya kutoboa ukuta. Ombi hilo ni dogo kuliko nyonga iliyovunjika. Kisha ziwekwe taa ndogo zinazojiwasha zenyewe mtu akipita, moja chini karibu na kitanda, moja ukumbini, moja mlangoni pa msala. Taa hizo hutumia betri na bei yake ni ndogo mno zikilinganishwa na saa janja, nazo hufanya kazi ambayo saa haiwezi. Saa huarifu kwamba mtu ameanguka. Taa huzuia asianguke.

Hii si kusema kwamba saa janja haina faida. Ina faida kubwa kwa mzee anayebaki peke yake mchana, wanawe wakiwa kazini na mjukuu shuleni. Lakini yafaa ijulikane inavyofanya kazi. Ndani yake mna kitambuzi cha mwendo kinachohisi pigo la ghafla na utulivu unaofuata. Mzee anayeanguka kwa kishindo hutambuliwa. Anayeteleza polepole ukutani mpaka akakaa chini, asiweze kuinuka, mara nyingi hatambuliwi. Tena wazee wengi huivua wanapotia udhu na wanapooga, yaani inavuliwa hasa pale inapohitajika zaidi. Kwa hiyo inunuliwe inayostahimili maji, na mzee aelezwe kwamba aweza kuitelezesha kidogo juu ya mkono ili maji yapite chini yake bila kuivua. Wako wanaopendelea kitufe cha kuvaa shingoni, nacho ni kizuri vilevile. Chaji ifungamanishwe na jambo ambalo halisahauliki, kama muda wa kula chakula cha usiku akiwa ameketi pamoja na watu. Isiachwe usiku kucha, kwa kuwa usiku ndio wa hatari. Na taarifa ya kuanguka isiende kwenye simu ya mtu mmoja tu. Mwana anayeendesha gari barabara ya Haramain hawezi kupokea. Awepo wa pili, na huyo wa pili awe jirani mwenye ufunguo.

Sasa vipimo, ambako ndiko vurugu ilikokuwa kubwa zaidi.

Bibi wa nyumba ya mfano alikuja na kipima sukari chake cha zamani kutoka Afrika. Kilikuwa kikisoma 6 au 7 asubuhi, naye alizoea kuambiwa kliniki kwamba hiyo ni nafuu. Kipima kipya kilichonunuliwa Jeddah kilisoma 118. Mkaza mwana aliingiwa na hofu, dada mtu wa Mombasa akalia kwenye simu, na bibi akapunguziwa chakula siku mbili. Ukweli ni kwamba hapakuwa na lolote. Kipima kile cha kwanza huhesabu kwa milimoli katika lita, kama ilivyo desturi ya kliniki nyingi za Kenya na Tanzania. Hiki cha pili huhesabu kwa miligramu katika desilita, kama ilivyo desturi ya Saudia. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 18 hutoa ya pili. Sukari ya 5.5 ni takriban 100. Ya 7 ni 126. Ya 10 ni 180. Ya 4 ni 72. Yafaa namba hizo ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati, kwa sababu kosa la upande wa pili ni baya zaidi: mtu anayepewa dozi ya insulini kwa namba asiyoifahamu kipimo chake aweza kupoteza maisha.

Iko na sababu nyingine ya namba za ajabu. Mtu akishika tende au embe kisha akajitoboa kidole bila kunawa, utamu ulioko kidoleni huingia katika tone la damu na kipima huonyesha sukari ya juu isiyokuwepo mwilini. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe vizuri, ndipo kidole kitobolewe. Vijiti vya kupimia navyo huharibika kwa joto na unyevunyevu. Kopo lake lifungwe kila mara, lisiwekwe bafuni wala jikoni, na lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa muda wa sala moja. Insulini ni hivyo hivyo.

Sukari ikishuka chini ya 70 kwa kipimo cha Saudia, yaani chini ya 3.9 kwa kile cha Afrika Mashariki, na mzee yuko macho na aweza kumeza, apewe nusu kikombe cha juisi au vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, apumzike dakika 15, apimwe tena. Tende ni chakula chema, lakini anayetetemeka na kutoka jasho huweza kupaliwa akitafuna. Kinywaji hufika upesi zaidi. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote kinywani. Huyo ni wa gari la wagonjwa.

Kuhusu presha maneno ni machache. Mzee aketi dakika tano bila mazungumzo, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ukiwa juu ya ngozi na si juu ya dirii au buibui. Asipimwe baada ya kahawa wala baada ya kupanda ngazi za ghorofa ya tatu. Vichukuliwe vipimo viwili vyenye dakika moja baina yake, viandikwe vyote. Kwa kipimo cha nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 na kuendelea ni jambo la kumpelekea daktari kwa utulivu, siku ya miadi. Namba ya 180 kwa 120 au zaidi, ikifuatana na maumivu ya kifua, kichwa kikali, kukosa pumzi, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja, haisubiri miadi.

Kipima oksijeni cha kidoleni kinahitaji tahadhari ambayo haiandikwi kwenye boksi lake. Chombo hicho hupitisha mwanga ndani ya kidole na kuhesabu rangi ya damu, na rangi ya ngozi huingilia hesabu hiyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwezi wa Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi chombo hiki kilificha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kilivyouficha kwa wagonjwa weupe. Kwa familia za Kiafrika hilo si jambo la pembeni. Chombo kikisoma 95 na mzee anahema kwa shida, aaminiwe mzee. Kucha zenye rangi au piko nyeusi pia hupotosha kipimo, na vidole vilivyopoa kwa kiyoyozi hali kadhalika. Vidole visuguliwe vipate joto, na kama kimoja kimepakwa piko kitafutwe kisichopakwa.

Halafu saa. Programu za kukumbusha dawa ni miongoni mwa vitu vyenye manufaa makubwa kuliko vyote vilivyomo katika simu, na zimewahi kuleta madhara kwa sababu ya jambo ambalo hakuna mtengenezaji aliyelifikiria. Simu huandika 7:00. Mkaza mwana aliyesoma shule husoma saa moja asubuhi. Bibi, ambaye maisha yake yote amehesabu saa kwa Kiswahili kuanzia mapambazuko na machweo, akiona 7 husoma saa saba, na dawa ya asubuhi huliwa adhuhuri pamoja na ya mchana. Hata Hijazi ya zamani ilihesabu saa kuanzia machweo, lakini simu za leo hazina habari hiyo. Suluhisho ni kuacha namba kabisa. Kikumbusho kirekodiwe kwa sauti ya mwanawe au ya mjukuu: “Bibi, dawa nyeupe ya asubuhi, pamoja na chai.” Simu nyingi huruhusu sauti ya kurekodi kutumika kama kengele. Vilevile vipo visanduku vya dawa vyenye vyumba vya siku saba; mwanga hujipambanua kwa alama ya jua na giza kwa alama ya mwezi, bila kusoma namba wala lugha. Mwezi wa Ramadhani unapokaribia, ratiba yote ipelekwe kwa daktari wiki kadhaa kabla, hasa kwa mwenye kutumia insulini. Isibadilishwe nyumbani kwa kukisia.

Joto la nchi hii linajulikana. Riyadh hupita nyuzi 45 wakati wa kiangazi. Jeddah hupungua kidogo lakini unyevunyevu wa Bahari ya Shamu huzuia jasho lisikauke, na mwili usipoze. Katika Hija ya mwaka 2024 serikali ilitangaza vifo 1,301, na joto kali lilikuwa limetanda juu ya safari nzima. Mwili wa mzee huchelewa kuhisi joto na huchelewa kuhisi kiu, kwa hiyo maneno yake kwamba “mie sisikii joto” hayawezi kuwa kipimo. Kipimajoto cha ukutani, cha riyali chache, ndicho kiulizwe. Feni ikiwa peke yake husaidia mpaka takriban nyuzi 40. Hewa ikizidi hapo feni huupuliza mwili kwa hewa ya moto na kuuongezea joto. Kiyoyozi kikiwekwa nyuzi 27 pamoja na feni hutosha, na bili ya umeme haipandi kama kikiwekwa 18. Rimoti yenye maandishi madogo ya Kiarabu na Kiingereza itiwe kipande cha plasta nyekundu kwenye kitufe kimoja tu, cha kuwasha. Vitufe vingine vifunikwe. Wazee wengi huzima kiyoyozi kwa kukusudia kupunguza ubaridi, kisha hushindwa kukiwasha, na huona haya kumwita mtu.

Neno la umeme, kwa faida ya waletao mashine kutoka mbali. Majengo ya zamani ya Saudia yana soketi za volti 127 pamoja na za 220, wakati Afrika Mashariki hutumia 230 au 240. Mashine ya kuvuta mvuke wa dawa ya pumu au ya kutengeneza oksijeni isichomekwe kabla ya kusoma kibandiko chake nyuma. Ya volti 110 ikiingizwa kwenye 220 huungua. Ya 240 ikiingizwa kwenye 127 hufanya kazi kwa unyonge, na mgonjwa hudhani amepata oksijeni ilhali hakupata ya kutosha.

Sasa kanga iliyofunika kamera.

Mwana alikuwa na nia njema. Bibi naye alikuwa na hoja. Chumba hicho ndicho anamovulia nguo, anamosalia, anamolia anapomkumbuka marehemu mumewe. Picha zake zilikuwa zikienda kwenye simu ya mwanawe, na mwanawe hufanya kazi na wenzake, simu ikilala juu ya meza. Kuna pia swali ambalo bibi hakulijua lakini lilikuwepo: picha hizo huhifadhiwa wapi, katika kompyuta za nani, na nenosiri la kamera lilibadilishwa au ni lile lile lililotoka nalo kiwandani? Sheria ya Saudia ya kupambana na uhalifu wa mtandao, ya mwaka 2007, inahesabu kuwa ni kosa la jinai kuvunja faragha ya mtu kwa matumizi mabaya ya simu zenye kamera na vyombo vinavyofanana nazo, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja na faini ya riyali 500,000. Anayempiga picha mzee aliyelala mgonjwa akaisambaza kwenye kundi la familia “ili watu wamwombee” yafaa alitafakari hilo, mbali na kutafakari kama mzee mwenyewe angeridhia.

Vipo vyombo vinavyolinda bila kutazama. Kitambuzi cha mwendo ukumbini hujua kwamba mtu amepita, hakijui amevaa nini. Kitambuzi cha mlango huarifu kwamba mlango wa nje umefunguliwa usiku wa manane, jambo la maana mno kwa mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu na anayeondoka “kurudi nyumbani” kwa miguu. Mkeka wa kitandani huarifu kwamba ameinuka na hajarudi kwa nusu saa. Katika nyumba ya mfano makubaliano yaliyofikiwa yalikuwa haya: kamera ilihamishwa sebuleni ikielekea mlango wa nje, bibi akafundishwa kuizima mwenyewe, na ukumbini pakawekwa kitambuzi kisicho na picha. Kanga ikarudi kazini mwake.

Ikiwa mzee amepoteza uwezo wa kuamua mambo makubwa, bado huweza kuamua madogo, na uso wake husema. Anayeng’oa saa mkononi kila siku ameshajibu.

Mazungumzo haya hayawezi kuwapita wale ambao nyumba yao ya sasa ni chumba ndani ya nyumba ya mwajiri. Wanawake na wanaume wengi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania hulea wazee wa Kisaudi, na wao ndio hukabidhiwa mashine bila kuelezwa, mara nyingine kwa lugha wasiyoijua. Mlezi asitumie mashine ya insulini, ya kufyonza makohozi wala ya kuinulia mgonjwa mpaka aonyeshwe, naye aonyeshe mbele ya aliyemfundisha kwamba ameelewa. Kuomba kufundishwa si utovu wa adabu. Kila kipimo kiandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe na saa. Daftari hilo humlinda mgonjwa, na humlinda mlezi pia siku ya maswali. Mlezi ana haki ya kujua kamera ziko wapi. Na kengele ya usiku isiyokoma humchosha mtu mpaka akaacha kuisikia. Familia inayomtaka mlezi awe macho mchana ipange mwingine wa kuamka usiku, na siku yake ya mapumziko ya wiki iheshimiwe. Mlezi aliyekosa usingizi ni hatari kwa mzee kama vigae vyenye maji. Yafaa pia mlezi ajue kwamba sheria ya haki za wazee iliyopitishwa Saudia mwaka 2022 inataka ridhaa ya mzee kabla hajawekwa katika nyumba ya malezi, isipokuwa kwa hukumu ya mahakama au panapokuwa na hatari kwa maisha yake. Mzee anayelelewa si mzigo unaohamishwa.

Huduma za mbali zimerahisisha mengi. Kwa programu ya Sehhaty ya Wizara ya Afya mtu huweka miadi na huzungumza na daktari bila kutoka nyumbani, jambo la neema kwa bibi wa ghorofa ya tatu. Namba 937 ya wizara hiyo hupokea maswali ya afya usiku na mchana. Huko Riyadh iko Hospitali ya Seha ya Mtandaoni, iliyofunguliwa mwaka 2022, ambamo mabingwa huwasaidia kwa video madaktari wa hospitali nyingine zaidi ya 100 nchini. Mgonjwa wa kiharusi aliyeko mji mdogo huweza kutazamwa na bingwa ambaye hajawahi kumgusa. Mwenye bima ya mwajiri atazame kwanza kituo kilichomo katika mtandao wa bima yake.

Mjukuu wa miaka 13 amekuwa mkalimani wa nyumba, na hilo ni la kushukuru kwa mambo mepesi. Kwa mambo ya aibu ya mwili wa bibi, au habari nzito ya ugonjwa, si vyema mtoto awe ndiye mdomo wa daktari. Atafutwe mtu mzima, hata kwa simu.

Nenosiri la Absher, ombi la kuthibitisha linalotokea katika Nafath na zile namba za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe ni sawa kabisa na namba ya siri ya M-Pesa. Bibi aliyekwisha kujifunza kutomtajia mtu namba hiyo tangu zamani anaelewa upesi akiambiwa kwa mfano huo. Anayepiga simu akijitambulisha kuwa ni wa wizara, wa benki au wa bima, na kuomba namba iliyotumwa sasa hivi, akatiwe simu bila kuaga.

Ndipo linakuja suala la anwani. Kila jengo nchini lina Anwani ya Kitaifa, na ile fupi yake ni herufi nne na tarakimu nne. Iandikwe kwa herufi kubwa nyuma ya mlango wa nje, pamoja na jina la mji kwanza, kisha Al-Safa, kisha ghorofa na namba ya mlango. Chini yake ziandikwe 997 ya Hilali Nyekundu ya Saudia kwa gari la wagonjwa, na 911, namba ya dharura zote kwa Riyadh na kwa mkoa wa Makka ambamo Jeddah imo. Yaandikwe pia kwa herufi za Kiswahili maneno machache ya Kiarabu ambayo hata asiyeijua lugha aweza kuyatamka: is’af, gari la wagonjwa, suqut, kuanguka, sukkari, daght, presha, jalta, kiharusi au mshtuko wa moyo. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikataa kuinuka, maneno yakiwa hayaeleweki, hapana haja ya kupima presha wala kumsubiri mwana arudi kazini. Ipigwe 997, na aangaliwe saa: daktari atauliza ni lini mara ya mwisho mzee alionekana akiwa mzima, na matibabu yatategemea jibu hilo.

Aliyeanguka asiinuliwe kwa haraka na watu wawili wakivuta mikono. Aachwe alale, aulizwe panapouma, afunikwe. Kama nyonga inauma au mguu umekuwa mfupi kuliko mwenzake, au kama anatumia dawa za kuyeyusha damu na amegonga kichwa, asisogezwe mpaka wahudumu wafike. Mmoja ashuke chini kufungua mlango wa jengo na kuwasimamia barabarani, kwa kuwa vibao vya majengo havisomeki usiku.

Betri za taa za ukumbini zibadilishwe zote siku moja, na siku iliyo rahisi kukumbuka ni ya mwisho wa Shaabani, kabla watu hawajaanza kuamka kwa ajili ya daku.